Gari kutetemeka ikiwa kwenye D: jinsi ya kujua kama ni mauntingi kabla hujanunua

Mkuu, umesema Premio yako ya injini ya 1NZ inatetemeka ukisimama kwenye foleni, usukani na dashibodi vyote vinacheza, na fundi ameshakuandikia mauntingi zote (vile vishikizo vya mpira na chuma vinavyoikalisha injini kwenye bodi) pamoja na plagi, koili na kusafisha nozeli. Usitoe hela bado. Nina gari za biashara za aina hiyo hiyo, na tatizo hili nakutana nalo mara kwa mara. Unaweza kulipambanua mwenyewe bila mashine yoyote.

Anza na hili. Injini ikishapata moto, simama mahali tambarare, kanyaga breki, weka D, washa AC. Sikilizia mtetemo, kisha rudisha N bila kuachia breki. Ukiwa kwenye D giaboksi inaivuta injini, na injini inajipinda juu ya mauntingi zake. Mpira uliokufa hauwezi kumeza mtikisiko ule, unaupitisha wote kwenye bodi. Ukienda N mzigo unaondoka na gari inatulia. Kwa hiyo mtetemo ukiwa mkali kwenye D halafu ukapotea au kupungua sana kwenye N, mshukiwa wa kwanza ni mauntingi.

Ila angalia na mshale wa RPM wakati huo huo, maana hapa ndipo watu wengi wanapigwa. Mshale ukiwa umetulia, tuseme kati ya 600 na 800, na gari bado inatetemeka, injini yenyewe inachoma vizuri. Ukiwa unacheza, au sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) imeshuka chini mno, au mtetemo unabaki vilevile hata kwenye N, basi nenda kwenye plagi, koili na uchafu wa throto (mlango wa hewa ya injini) kwanza. Ukifunga mauntingi mpya juu ya injini inayomisi (isiyochoma vizuri), mtetemo utapungua kidogo tu na hela imekwenda.

Na kama shida yako ingekuwa ya kwenye mwendo wa 80 au 100, ningekuambia habari nyingine kabisa: tairi na balansi. Ikitetemeka unapokanyaga mafuta tu na kuacha ukiachia, kagua joint za ndani za draivu shafti. Usukani kucheza unapofunga breki ni diski.

Jaribio la pili linahitaji mtu wa kukusaidia. Fungua boneti, vuta breki ya mkono, kanyaga breki ya mguu mpaka mwisho, weka D na uongeze mafuta kidogo kwa sekunde mbili tatu, kisha fanya hivyo hivyo kwenye R. Msaidizi asimame PEMBENI, kamwe si mbele wala nyuma ya gari, na aangalie injini. Kuegea kidogo ni kawaida. Ikinyanyuka na kurudi kwa kishindo, au ukisikia "ko!" kila unapobadilisha kutoka D kwenda R, kuna mpira umeachana na chuma. Usilishikilie muda mrefu jaribio hili, linachemsha mafuta ya giaboksi.

Kisha tumia tochi. Anza na ile ya upande wa kulia, karibu na mikanda. Ndiyo inayobeba uzito mwingi, na kwenye gari nyingi za aina hii ina kimiminika ndani. Ukikuta majimaji meusi yamechuruzika kwenye ganda lake, au imekaa chini na injini imelala upande huo, umeshapata jibu. Zile za chini ni ngumu kuziona, kwa hiyo fundi aweke kipande cha ubao juu ya jeki, ainue sampu (bakuli la oili chini ya injini) taratibu, kidogo tu. Mpira uliokatika utafunguka mdomo mbele ya macho yako. Mwambie akuonyeshe. Fundi anayejua kazi yake hakatai.

Kitu ambacho mafundi wengi wanakiruka ni sababu ya mpira kufa. Mara nyingi ni uzee, lakini mafuta yakivuja kutoka gasketi ya kava ya vali au kava ya cheni na kudondokea mauntingi, mpira unavimba, unalainika na kuoza. Hapo ziba uvujaji kwanza, la sivyo mpya nayo itakwenda njia hiyo hiyo.

Kuhusu kununua, kama ya kulia ndiyo imekufa peke yake, badilisha hiyo, lakini zikague zote kwa sababu moja ikifa zinazobaki zinabeba mzigo wake. Mimi nachukua orijino mpya, au ya mtumba kutoka Japani ambayo mpira wake nimeubonyeza na kuugeuza mwenyewe. Zile mpya za bei ya kutupa mpira wake huwa mgumu, na gari inaweza kutetemeka kuliko mwanzo. Na usikubali kujaziwa vipande vya tairi kwenye mauntingi iliyochanika. Nimeliona hilo gereji, na injini inakuwa kama imechomelewa kwenye bodi.

Wakati wa kufunga, bolti zote ziingie kwa mkono kwanza, uzito wa injini ushuke na kukaa sawa, ndipo zikazwe. Zikikazwa wakati injini bado iko juu ya jeki, mpira unabaki umevutwa na mtetemo unarudi siku hiyo hiyo.

Fanya la D na N leo jioni, kisha rudi utuambie mshale wa RPM ulikuwaje.