Kama hajaiba, kosa lake nini? Yangu ya Kigoma

Mkuu umeuliza kama ndugu wa mtumishi kapata tenda, bei yake nzuri na mzigo umefika, kosa liko wapi wakati hakuna aliyeiba. Ngoja nikupe yangu maana mi mwenyewe nshawahi kuwa huyo mtumishi.

Nafundisha huku Kigoma, wilaya niiache. Miaka kadhaa nyuma shule ilipata hela ya madarasa, ujenzi ukawa wa fosi akaunti, si mnaujua, hakuna mkandarasi, shule yenyewe inanunua vifaa na kutafuta fundi, kuna kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Mi nikatupwa manunuzi. Tukakusanya kotesheni tatu za kokoto, yaani karatasi za bei za wauzaji, ya chini kuliko zote ikawa ya shemeji yangu, kaka yake wife, ana fuso lake. Alishinda kihalali kabisa na ndo maana sikuona haja ya kusema kitu, nikasaini muhtasari nikaenda kufundisha.

Balaa likaja kwenye kupokea. Tripu ya tatu kokoto imejaa udongo, ukichota na koleo unaona wekundu tu, fundi anaziangalia halafu ananiangalia mimi. Binti wa kamati ya mapokezi, ajira mpya, akanisogelea, "Mwalimu, hii tuipokee?" Kumbe wote walikuwa wanajua ni shem wangu! Nikirudisha gari, jioni nyumbani naanzia wapi? Nikasema pokeeni, tutachekecha. Tukalipa vibarua siku mbili wachekeche, hela ikatoka fungu la rangi, madarasa yakapigwa koti moja. Sijala hata mia mkuu, lakini yule binti angeikataaje ile tripu?

Kwa wakubwa sheria ipo, Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995, wanajaza tamko la mali na madeni linaenda kwa Kamishna wa Maadili, mwisho wa mwaka lazima liwe limefika. Ila ile fomu inataka mali zako, za mwenza wako na za watoto wadogo. Shemeji mwenye fuso hayumo. Na mwalimu wa kamati kama mimi hata hiyo fomu haimhusu. (Wazee watakwambia enzi za Azimio la Arusha, 1967, kiongozi haruhusiwi hisa, mishahara miwili wala nyumba ya kupangisha, hayo yakaja kulegezwa na Azimio la Zanzibar 1991. Hata yale yasingemgusa shem.)

Kwa hiyo mimi sio muumini sana wa fomu za Disemba. Naamini ile ya papo kwa papo, kabla kotesheni hazijafunguliwa kila mjumbe aulizwe nani ana ndugu humu, mwenye naye aseme, iandikwe kwenye muhtasari, atoke nje, na mzigo ukifika asiusogelee.

Mradi uliofuata wa vyoo nilifanya hivyo. Nikasema shem wangu yumo, mwenyekiti akacheka, "we mwalimu nawe", nikamwambia andika, nikatoka nikakaa chini ya mwembe mpaka walipomaliza. Shem akakosa, kuna jamaa wa Kasulu bei yake ilikuwa chini kidogo tu. Wife hakunisemesha siku mbili, na fuso sikuhizi likipita shuleni halipigi honi.