Bastola ya Zamani: Soma Mihuri Kabla ya Kuamini Jina

Baba mkwe wangu, Mbelgiji, alirithi kwa babu yake bastola ndogo ya silinda inayozunguka. Ukoo mzima uliamini kwamba ni ya Kiingereza, kwa kuwa juu ya fremu yake pamechongwa maneno "British Bulldog". Mimi, kwa kuwa hutengeneza saa za zamani, niliombwa nithibitishe asili yake, nami nikakosea tangu mwanzo: nilisugua kutu ya mtutu kwa msasa laini, na herufi mbili za jina la fundi zikaondoka pamoja na kutu.

Usisafishe, basi. Kagua matundu yote ya silinda, moja baada ya jingine, uhakikishe hamna risasi, kisha pitisha kitambaa chenye tone la mafuta na uishie hapo. Aliyeikuta silaha kama hiyo nyumbani Tanzania au Kenya aanzie polisi, maana ukongwe wake hauondoi uhatari wake.

Jina lile lilitupotosha. Ni kweli kampuni ya Webley ya Birmingham ilileta Bulldog sokoni mwaka 1872, lakini bastola hiyo ilipendwa mno hata karakana za Liège, Ubelgiji, zikaiiga kwa wingi, jina likiwamo. Penye shaka, tafuta mihuri ya ukaguzi. Liège imekuwa na nyumba ya kupima silaha tangu 1672, ambako silaha hujaribiwa kwa shindo kubwa kuliko la kawaida, na inayostahimili hupigwa muhuri: herufi ELG na nyota, ndani ya umbo la yai. Tulipomulika tochi kwa ubavu, huku nimeshika kioo cha kukuzia, muhuri huo ukajitokeza kwenye silinda, mdogo kuliko punje ya mchele.

Mwaka 1893 muhuri huo uliongezewa taji juu yake. Wetu haukuwa nalo. Pembeni palikuwa na herufi ya mkaguzi chini ya nyota, mtindo ulioanza 1877. Kwa hiyo bastola ilikaguliwa kati ya miaka hiyo miwili, na hadithi ya kwamba babu aliinunua mpya London mwaka 1910 ikaanguka. Mama mkwe alicheka, mzee hakucheka.

Fundi aliyeiunda hatujamjua hadi leo. Jina lake limebaki na herufi tatu, na majina yanayolingana nazo ni mengi kupita kiasi. Mbili nilizozifuta ndizo zingeyapunguza.