Injini Iliyolowa Petroli: Tafuteni Chanzo Kabla ya Kufunga Boneti

Wadogo zangu mnaojifunza ufundi katika magaraji ya Goma, gari la zamani la sindano za petroli (vifaa vinavyonyunyizia petroli kwenye injini) likikataa kuwaka asubuhi huku bomba la moshi likinuka petroli mbichi, acheni kwanza kupiga starta ovyo. Kila mnapopiga, petroli inaongezeka juu ya ile ambayo haijaungua, na betri inachoka hadi cheche inakosa nguvu.

Kanyageni pedali ya mafuta hadi chini, mguu utulie hapo, kisha pigeni starta kwa sekunde zisizozidi 10. Katika magari mengi ya aina hii, kompyuta ya injini ikiona hivyo hukata mafuta kwenye sindano, na hewa inayoingia hukausha silinda. Ikishindikana, fungueni plagi, mzifute na kuzikausha kwa hewa ya kompresa. Mkitaka kuzungusha injini wakati matundu ya plagi yako wazi, kateni kwanza umeme wa koili (inayozipa plagi umeme wa cheche) na wa sindano, kwa sababu petroli hurushwa nje kama ukungu, na cheche moja yatosha kumuunguza fundi.

Gari litawaka. Hapo ndipo vijana wengi hufunga boneti, na baada ya siku chache gari linarudi likivutwa kwa kamba, maana plagi zilizolowa zilikuwa dalili tu. Wako pia wanaosema kosa ni la mwinuko wa Goma, unaozidi mita 1,400; msikubali haraka, kwani kompyuta hupima hewa na kupunguza petroli kulingana nayo.

Mimi huanza na sensa ya joto la maji ya injini. Ukinzani wake, yaani jinsi unavyozuia umeme kupita, huwa mkubwa injini ikiwa baridi, na kompyuta ikiona ukinzani mkubwa huongeza petroli. Kwa hiyo kutu ndani ya soketi, au waya uliolegezwa na mtikisiko wa barabara zetu za mawe ya volkano, huifanya iamini kwamba injini imeganda kama barafu. Iwekeni sensa katika sufuria ya maji yanayopashwa moto pamoja na kipimajoto, mkisoma mita ya umeme: katika magari mengi ya Kijapani mtaona takriban kilo-omu 2 hadi 3 kwenye nyuzi 20, na omu 300 hivi kwenye nyuzi 80, huku namba ikishuka taratibu bila kurukaruka. Sensa ikiwa nzima, irudisheni mahali pake na mpime tena kutoka soketi ya kompyuta, kwa sababu ubovu hupenda kujificha kwenye waya.

Baada ya hapo, chomoeni mpira mwembamba wa hewa kwenye kidhibiti cha shinikizo la petroli. Mkikuta petroli ndani yake, kiwambo, yaani utando ulio ndani ya kidhibiti, kimepasuka. Sindano inayovuja mtaiona mkiitoa pamoja na bomba lake huku shinikizo likiwamo, ncha yake ikidondosha matone wakati imefungwa.

Mwulizeni pia mwenye gari kama huliwasha kulisogeza hatua chache uani na kulizima papo hapo, kwani hilo pekee laweza kulowesha injini nzima.

Mwisho, chomoeni kijiti cha oili. Oili ikinuka petroli au ikiwa imepanda juu ya alama, ibadilisheni pamoja na chujio lake kabla gari halijatoka garajini, kwani oili iliyochanganyika na petroli huwa nyepesi na hula beringi.