Mpwa wangu, Josephus na maharage

Mwaka jana mpwa wangu alikuja likizo kutoka chuoni. Jioni moja tuko barazani tunachambua maharage, akauliza: "Mjomba, nje ya Biblia kuna mtu wa zamani aliyemtaja Yesu?"

Nilifurahi, jibu nilikuwa nalo kichwani. Nikamwambia Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, ameandika waziwazi kwamba Yesu ndiye Kristo na alifufuka siku ya tatu.

Akatoa simu. Hazikupita dakika mbili. "Lakini mjomba, huyu hakuwahi kuwa Mkristo. Angeandikaje hivyo?"

Nilikwama. Hoja hiyo niliiokota kwenye semina nikaibeba nzimanzima, sikuwahi kumfungua Josephus mwenyewe. Nikainamia ungo, mawe yakabaki na maharage mazima nikayatupa.

Kijana alikuwa sahihi. Maneno yale yamo katika kitabu cha 18 cha historia yake ya Wayahudi, na wataalamu wengi, Wakristo wakiwemo, wanaona wanakili wa Kikristo waliyatia chumvi. Ila sogea hadi kitabu cha 20. Hapo anasimulia jinsi kuhani mkuu alivyosababisha Yakobo apigwe mawe, mwaka 62 hivi. Ili msomaji ajue ni Yakobo yupi, anasema ni ndugu yake Yesu aitwaye Kristo. Basi, anaendelea na habari zake. Ni kama sisi tunavyosema "Juma yule mdogo wake mwenye mashine ya kusaga". Mtu aliyetaka kumtukuza Yesu kwa kughushi asingeridhika na sentensi kavu namna hiyo, ndiyo maana mimi naiamini kuliko ile tamu.

Kwa hiyo ukiulizwa, toa kile ambacho muuliza anaweza kukikagua mbele yako, na useme kinaishia wapi. Tacitus, Mrumi aliyewadharau Wakristo, anaandika mwanzoni mwa karne ya pili kwamba Kristo aliuawa kwa amri ya Pontio Pilato. Hapo umepata kifo, ufufuo bado. Ukimlazimisha Tacitus aseme zaidi, kijana mwenye simu atakuumbua. Kwa ufufuo nenda kwa Paulo, 1 Wakorintho 15, barua ya miaka ya 50: anataja watu zaidi ya 500 waliomwona Yesu kwa pamoja, na kusema wengi wao wangali hai. Ni shahidi wa upande wetu, ndiyo, lakini kabla ya hapo alikuwa akilitesa kanisa.

Na sauti iwe ya chini. Mihadhara ya viwanjani nimeisikiliza sana. Spika zikizidi, hoja hupungua.

Nilimpigia mpwa wangu kukiri kosa langu. Anaamini nini sasa, sijamuuliza. Juzi kanitumia ujumbe: "Mjomba, kitabu cha 20 nimekisoma, hapo nimekuelewa. Ila hao mia tano, mbona Paulo hataji majina yao?"

Swali zuri. Nimemwomba wiki moja.