Ukitaka kuingia Kihispania na Kireno, lifuate neno meza

Hapa Malindi vijana wengi wanaongea Kiitaliano bila hata kukaa darasani, tumekipata hotelini, ufukweni, kwa maduka, na hio ni mali kubwa sana, ila wengi hawajui kwamba ukiwa na Kiitaliano tayari ushafika nusu ya njia ya Kihispania na Kireno. Mimi ndo nilivyoingia hivo. Na ushauri wangu kwa anayeanza ni mmoja: achana na yale maorodha ya maneno elfu moja ya kukariri, shika neno moja ulifuate kwenye lugha zote zilizozaliwa na Kilatini, lugha ya Warumi wa zamani, mpaka uijue tabia yake. Kama hujui uanze na lipi anza na meza, manake hili unalo mdomoni tayari.

Meza yetu tumeichukua kwa Wareno, wao wanasema mesa. Vasco da Gama alifika hapa mwaka 1498, nguzo yake si bado iko pale, na baadaye Wareno wakashikilia pwani hii mpaka Waomani walipoitwaa Fort Jesus kule Mombasa mwaka 1698. Wakaondoka wakaacha meza, leso, bendera na mengine mengi. Na hilo mesa wao walilirithi kutoka Kilatini, mensa. Hio n ya katikati ilianza kupotea zamani sana kwenye vinywa vya watu wa kawaida, na ushahidi upo, kuna mtu asiyejulikana jina aliandika orodha ya masahihisho 227 ya Kilatini cha mtaani, inaitwa Appendix Probi, na humo ndani anaonya mensa non mesa, yaani sema mensa usiseme mesa. Mi nilipoisoma hio nilisisimka kweli, kwa sababu lile alilolikataza ndilo lililoshinda, likavuka bahari likafika kwetu, na leo mtoto wa Malindi anaweka daftari lake juu yake.

Sasa hapa ndo pazuri. Chukua ramani uangalie nani anasema nini. Kihispania mesa, Kireno mesa, halafu ruka mpaka Romania huko mashariki, masă. Lakini Kifaransa wanasema table, Kikatalani, lugha ya kule Barcelona, taula, Kiitaliano tavolo, na hizo zimetoka kwenye neno jingine la Kilatini, tabula, ambalo maana yake ilikuwa ubao. Kwa hivo wa pembeni, Wahispania na Waromania ambao wala hawapakani, wanafanana, na walioko katikati wana lao. Mtaalamu mmoja wa Kiitaliano, Matteo Bartoli, alilieleza hili vizuri, kwamba mara nyingi neno jipya hushika katikati na lile la zamani hubaki kwenye kingo. Ukishaijua siri hii hutashangaa tena kwa nini Kiitaliano chako kinakusaidia sana kwenye maneno mengine halafu kwa mengine kinakutupa.

Halafu usilijifunze neno likiwa peke yake, lijifunze na kitenzi chake. Kuandaa meza ya chakula Mhispania anasema poner la mesa, Mreno pôr a mesa, Mromania a pune masa. Hebu zisome tena kwa sauti, ni sentensi moja hio, vipande vyote viwili vimetoka Kilatini kimoja. Kwa Waromania masă imeenda mbali zaidi, ni meza na pia ni mlo wenyewe, masa de prânz ni chakula cha mchana, na hili halitupi shida sisi tunaosema karibuni mezani na kila mtu anaelewa chakula kiko tayari. Wataliano nao hawakuitupa kabisa ile mensa, wanaitumia kwa kantini ya wafanyakazi au ya chuo, ila meza ya kawaida ni tavolo, na ile iliyokwisha kuandaliwa watu wakae wale ni tavola, ndo mana mama wa Kitaliano akiita familia anasema a tavola!

Kwa wenzangu mnaohudumia wageni kuna neno moja mlishike sana, sobremesa. Limeandikwa sawasawa kwa Kihispania na Kireno, lakini Mreno akiulizia sobremesa anataka kitu kitamu cha baada ya chakula, keki, matunda, mletee menyu. Mhispania akisema sobremesa anamaanisha ule muda wa kukaa na kupiga stori baada ya kula, sahani tupu ziko hapo, kahawa iko hapo, na hakuna anayetaka kuinuka. Usimpelekee bili kabla hajaiomba tafadhali, utamuonyesha unamfukuza. Nimeona meza za Wahispania zikikaa mpaka jua linashuka na wale ndo wanaorudi tena kesho yake.

Na uwe mwangalifu, kufanana kwa sura si undugu. Kwa Kireno mesada ni pesa anayopewa mtoto kila mwezi, haina uhusiano wowote na meza, imetoka kwa mês, mwezi, ambayo kwa Kilatini ilikuwa mensis, na huko pia n imeliwa vile vile. Hata kwetu meza ya kuwekea sahani na meza ya kumeza dawa ni vitu viwili tofauti, hii ya pili ni yetu ya Kibantu kabisa. Ndo mana nasema kila ukipata neno linalofanana na lingine angalia kwanza lilitoka wapi, kamusi za bure ziko nyingi kwa simu na nyingi zinaonyesha asili ya neno.

Ukimaliza meza nenda kwa kuchemka: Kihispania hervir, Kireno ferver, Kiromania a fierbe, halafu Kifaransa bouillir na Kiitaliano bollire. Baadaye chukua zuri: hermoso, formoso, frumos upande mmoja, beau na bello upande mwingine. Ziandike kwenye ramani ile ile uliyoandikia meza, kalamu mbili za rangi tofauti zinatosha.