Mume wangu amekataa Krismasi, na mama ananingoja Lulindi

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padri. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Masasi mjini. Tangu mwezi wa tatu mume wangu anasali na kikundi kinachofundisha kwamba Krismasi haimo katika Biblia, ni sikukuu ya mungu jua, na mti wa Krismasi umekatazwa na nabii Yeremia. Mwaka huu watoto hawashonewi nguo, na kwa mama yangu Lulindi hatuendi. Mama ni mjane, na hela ya dawa na ya sukari huwa tunampelekea safari hiyohiyo, tukishalipwa korosho. Mume wangu anasema tukienda tutakuwa tumeyashika mapokeo ya wanadamu, Marko 7. Nimefikiria kumwambia nakwenda msibani. Je, desturi za Krismasi zina msingi katika Biblia? Nifanyeje?

JIBU: Milele, amina. Mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Mwaka huu wewe ni wa tatu kuniletea habari hii, ila hao wawili waliuliza habari ya mti tu. Wewe umeniletea mama mjane.

Mumeo ana haki yake, tuanze na hiyo. Tarehe 25 Desemba haimo katika Biblia. Luka anataja orodha ya Kaisari Augusto, hori ya kulia ng'ombe, na wachungaji wakilinda kundi usiku, mwezi hakuutaja. Mamajusi hatuambiwi kuwa walikuwa watatu, zawadi ndizo zilizokuwa tatu, na Mathayo anasema walimkuta mtoto nyumbani. Ng'ombe na punda wa pangoni hawamo katika Injili. Mti umetoka Ujerumani, na mzee wa ndevu nyeupe ametokana na Askofu Nikola wa Mira, nchi ya Uturuki ya leo, akaongezewa kofia na biashara njiani. Hata huu mkrismasi unaowaka maua mekundu mbele ya makanisa yetu mwezi huu, asili yake ni Madagaska. Mtu akisema hivi vyote ni desturi, nami nasema ndiyo.

Lakini mwalimu wa kikundi cha mumeo hakuishia hapo. Anasema ni ibada ya jua, na hapo anasema asilolijua. Ni kweli Kaisari Aureliano alimjengea mungu jua hekalu huko Roma mwaka 274. Lakini maandishi ya zamani zaidi tuliyonayo yanayoitaja wazi tarehe 25 Desemba kuwa siku ya jua ni kalenda ya Roma ya mwaka 354, na katika mkusanyo huohuo imeandikwa kwamba siku hiyo Kristo alizaliwa Bethlehemu ya Yudea. Yote mawili yamo katika kitabu kimoja. Nani alimwiga nani? Wako wataalamu wanaosema Wakristo walihesabu miezi tisa tangu tarehe 25 Machi, siku waliyoamini kuwa ya kupashwa habari Mariamu. Mwalimu huyo anaruka yote hayo na kutoa hukumu. Halafu kadi za michango ya harusi za watu wake zinaandikwa Januari, mwezi wa mungu Janusi wa Warumi, na Machi, mwezi wa Marsi mungu wa vita. Mbona hizo hazichomi?

Yeremia 10 nayo wanaisoma nusu. Mti ule hukatwa, fundi akauchonga, ukapambwa kwa fedha na dhahabu, na mbele kidogo nabii anasema hausemi, hauwezi kwenda, hubebwa, basi msiuogope. Hiyo ni sanamu inayoabudiwa. Nimezunguka mitaa ya Masasi miaka mingi, sijamwona mtu anayeuogopa mvinje uliotundikwa maputo.

Na je, sikukuu isiyoamriwa na Torati ni dhambi? Yohana 10:22 inamwonyesha Bwana hekaluni wakati wa sikukuu ya Kutabaruku. Sikukuu hiyo Musa hakuiagiza. Wayahudi waliiweka wenyewe baada ya hekalu kutakaswa siku za Wamakabayo. Bwana alikuwapo, akatembea katika ukumbi wa Sulemani, wala hakuikemea. Nasi huku Masasi tunajua habari hizi kuliko wengine, maana Askofu Vincent Lucas, askofu wetu wa kwanza tangu 1926, hakuifuta jando ya wazee; aliingiza ndani yake sala na mafundisho ya Kikristo. Wako waliomlaumu. Lakini alijua kwamba swali kubwa ni desturi inamtumikia nani.

Ndiyo maana ugomvi wa kweli ningeupeleka kwingine. Watu wanaosherehekea kuzaliwa kwa Bwana kwa pombe za uraka na nipa hadi mtu analala mtaroni, hao Biblia inawakataza wazi. Mbona mwalimu yule hahubiri hilo?

Sasa Marko 7. Mumeo amesoma mstari wa 8, akafunga kitabu. Aendelee mpaka wa 13. Bwana anawakemea watu ambao, mama akihitaji msaada, humwambia, "Ni Korbani," yaani kitu hiki ni wakfu wa Mungu, kisha wanaona wamemaliza wajibu wao. Mfano wa mapokeo alioutoa Yesu mwenyewe ni dini inayotumiwa kumnyima mzazi! Mama mmoja yuko Lulindi anangoja dawa, naye anaambiwa hela haiji kwa sababu ya mungu jua. Hiyo ndiyo Korbani, mwanangu, na imeingia nyumbani kwako.

Lakini usimdanganye mumeo. Msiba wa uongo utajulikana, Lulindi si mbali, na siku utakapopata msiba wa kweli nani atakuamini? Tena utampa mwalimu wake ushahidi kwamba Krismasi huzaa uongo. Mwambie: tarehe nakuachia, mama sikuachii. Kama 25 inamkera, nendeni tarehe 20, au Jumamosi yoyote malipo yakitoka, pamoja na watoto. Paulo ameandika katika Warumi 14 kwamba mmoja afanya tofauti kati ya siku na siku, mwingine aona siku zote kuwa sawa. Mumeo aone zote sawa, basi na hiyo ya kwenda ukweni iwe sawa na nyingine. Nguo usizigombanie mwaka huu. Mimi nililelewa na mama aliyemfunga jogoo mguu kwa kamba uvunguni tangu Jumapili ya kwanza ya Majilio. Nguo za mwaka gani zilikuwa rangi gani sikumbuki, lakini jogoo yule akiwika usiku wa manane namkumbuka hadi leo, na jirani yetu Mwislamu aliyeletewa sahani yake kabla sisi hatujala.

Mwambie mumeo pia kwamba sina mpango wa kumrudisha kanisani kwangu kwa nguvu. Nina swali moja tu la kumuuliza, la Marko 7:11. Jumamosi ijayo nitapita hapo kwenu kwa pikipiki, mvua ikiruhusu. Awepo.