Jua limepiga ngozi, mbona vinauma viungo?

Dada mleta mada, umeuliza inakuwaje usimame juani msibani mchana mmoja tu halafu siku chache baadaye vidole vivimbe na homa juu. Nina lupasi pia, huu ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe, mimi ikinipata hata kifungo cha blauzi asubuhi sifungi, naomba mtu anifungie, kwa hiyo hili nimelisoma sana na nimembana sana daktari wangu.

Iko hivi, seli zinakufa mwilini kila siku na kawaida hakuna vurugu, seli ikifa kwa utaratibu inatoa nje mafuta fulani ya kwenye utando wake, fosfatidiliserini, ambayo siku zote yanakaa upande wa ndani. Makrofaji, seli za kinga zinazomeza uchafu, zikiona hiyo alama zinaimeza seli hiyo, na kipokezi chao cha MerTK kinavituliza vile vipokezi vya kunusa hatari vinavyoitwa TLR. Yaani maiti inazikwa kimyakimya.

Sasa mionzi ya jua inaua seli nyingi za ngozi kwa mpigo, na wengi wetu wenye lupasi usafishaji uko slow, maiti zikichelewa zinapasuka, DNA na RNA zinamwagika, kingamwili zetu, zile protini za kinga, zinazing'ang'ania, mzigo wote unamezwa na seli za kinga hadi kwenye vifuko vya ndani walikokaa TLR7 na TLR9. Hawa kazi yao ni kunusa virusi na bakteria! Wakikuta RNA yako mwenyewe wanaitikia kama umevamiwa, interferoni, kemikali ya kuamsha kinga, inamwagwa kwenye damu na damu inafika kila mahali, ndio maana homa, uchovu, viungo, utadhani malaria.

Mwaka 2022 watafiti walieleza kuhusu binti wa Hispania mwenye lupasi ambaye jini yake ya TLR7 ina hitilafu, wakaiweka hitilafu hiyo hiyo kwa panya na panya nao wakaugua. Na jini hiyo iko kwenye kromosomu X, wanawake tunazo mbili, na wagonjwa 9 kati ya 10 ni sisi.

Haidroksiklorokwini, dawa yetu ya lupasi, inapunguza asidi kwenye vile vifuko, TLR7 na TLR9 zinashindwa kazi. Kwa hiyo usiiache eti kwa sababu umejisikia nafuu, tafadhali sana. Mikono mirefu, mwavuli, losheni ya SPF 50 hata kukiwa na mawingu, na macho yapimwe maana dawa hiyo ukiitumia miaka mingi inaweza kudhuru retina, ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga.